Usukani Unaocheza: Ugonjwa Uko Wapi?

Yapo magonjwa mawili ya usukani ambayo wenye motokari huyachanganya kila siku. Ugonjwa wa kwanza ni uzito: dereva anataka kukata kona, usukani unakataa, mpaka mabega yanamwuma. Ugonjwa wa pili ni ulegevu: anaugeuza usukani kidogo kuume, magurudumu hayasikii, anaongeza, ndipo motokari inaposhtuka na kwenda upande. Motokari yenye ugonjwa wa kwanza humchosha mtu. Yenye ugonjwa wa pili yaweza kumwua, pamoja na mkewe na watoto walioketi nyuma. Hata hivyo dawa ya ugonjwa wa kwanza ndiyo inayouzwa mara nyingi kwa mwenye ugonjwa wa pili, nayo ndiyo iliyo ghali.

Hapa Ruashi motokari ya zamani si pambo la tajiri, kama ilivyo Ulaya, ambako mwenyewe huifuta kwa kitambaa siku ya Jumapili na kuifungia ndani siku sita. Kwetu ni mali ya nyumba, nayo hufanya kazi. Toyota zimejaa barabarani, ni kweli. Lakini katika nyua za wazee, chini ya mwembe, utaikuta bado Mercedes-Benz ya namna ile ambayo kiwanda kiliiita W123. Ilianza kuuzwa mwaka 1976, ikatengenezwa mpaka katikati ya miaka ya 1980, na jumla yake ilikaribia milioni 2.7. Mwanzoni, katika namna zake ndogo, usukani wenye msaada wa mafuta ulilipiwa zaidi. Tangu mwaka 1982 ukatiwa katika zote. Nitaisema hiyo kuliko nyingine, lakini njia ya kutafuta ugonjwa ni ile ile kwa motokari nyingi za umri wake.

Msaada huo wa mafuta ni kitu gani? Mhandisi mmoja Mmarekani, Francis Davis, ndiye aliyeonyesha mwaka 1926 motokari ambayo usukani wake ulisaidiwa kwa nguvu ya mafuta. Ilipita miaka 25 kabla kiwanda cha Chrysler hakijaanza kuwauzia watu, mwaka 1951. Na mwaka 1955 Wafaransa wakautia katika Citroën DS. Kazi yake si ya kimiujiza. Mkanda wa injini huizungusha pampu. Pampu husukuma mafuta kwa nguvu kwenda katika sanduku la usukani. Ndani ya sanduku vali ndogo husikia mkono wa dereva unaelekea wapi, huyafungulia mafuta njia ya upande huo, nayo husukuma pistoni.

Basi lishike neno hili, maana ndilo lenye faida katika maneno yote nitakayosema: mafuta huongeza nguvu tu. Kinachoongoza ni chuma kwa chuma, toka mikononi mwa dereva mpaka gurudumu. Injini ikizimika njiani, usukani huwa mzito kama jiwe, lakini magurudumu bado huufuata. Kwa hiyo pampu iliyochoka haiulegezi usukani, na pampu mpya haiukazi.

Tena msaada huu una hila yake, nao ni kuficha. Katika usukani usiosaidiwa, viungo vikianza kulika, kila shimo la barabara hupiga kelele mikononi mwa dereva, naye huona karaha, akaenda kwa fundi. Katika usukani wenye msaada mafuta humeza sehemu kubwa ya mtikisiko. Dereva husikia ulaini tu. Husema: «Motokari yangu imekuwa laini kama pamba,» kumbe viungo vimekwisha.

Mzee mmoja wa Ruashi, ambaye jina lake silitaji, alikuwa mfanyakazi wa Gécamines. Alikuwa miongoni mwa wale zaidi ya 10,000 walioacha kazi katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa miaka ya 2003 na 2004. Fedha aliyopewa aliigawa mafungu matatu: mabati ya nyumba, masomo ya watoto, na Mercedes nyeupe iliyokuwa imekwisha kuzeeka. Motokari hiyo imebeba maharusi na wagonjwa, na siku nyingine magunia ya unga wa mahindi. Ikafika siku ambapo mzee alitakiwa kwenda Likasi, mwendo wa kilometa 120 hivi, kwa upadirisho wa mtoto wa dada yake, pamoja na mkewe na wajukuu watatu. Usukani ulikuwa unacheza. Akaipeleka motokari kwenye garaji moja mjini. Kijana wa pale aliuzungusha usukani kushoto na kuume, injini ikiwa imezimwa, akasema: «Mzee, pampu imekufa.» Bei ya pampu ilitosha kulipa shule ya wajukuu wawili kwa mwaka mzima.

Mzee alirudi nyumbani, akayasimulia hayo mezani. Mkewe akamwuliza:

«Baba, usukani wenyewe ni mzito?»

«Hapana, mama. Ni mwepesi kama siku zote.»

«Basi kama pampu imekufa, ni nani anayekusaidia kuuzungusha?»

Nimefundishwa mantiki ya Aristoteli katika seminari, tena kwa Kilatini, lakini sijapata kusikia hoja fupi kuliko hiyo. Fedha ikabaki sandukuni, na mzee akatuma mtoto amwite fundi wa jirani, mtu mzima aliyefunzwa kazi na Wasalesiani wa Don Bosco. Mapadri na mabruda hao walifika Élisabethville mwaka 1911, miaka mingi kabla mji haujaitwa Lubumbashi, na tangu hapo wamewafunza vijana wetu kushika vyuma kwa akili. Nilikuwapo siku hiyo, nikaandika kila alilofanya.

Kwanza hakugusa spana hata moja. Alipima upepo wa magurudumu. Mpira wa mbele uliopungukiwa na upepo huiyumbisha motokari hata dereva akaapa kwamba usukani umelegea, na kosa hilo huponywa kwa dakika mbili. Kisha akauliza kama motokari huvuta upande mmoja. Barabara ya lami ina mgongo katikati ili maji yapate kukimbia. Nasi twaendesha upande wa kuume, kwa hiyo motokari nzima kabisa huelekea kuume kidogo ukiuachia usukani. Kuvuta si kucheza. Ikiwa inavuta kwa nguvu, hiyo ni habari nyingine: breki inayokamata, au magurudumu yasiyotazama mbele sawasawa.

Baada ya hayo aliweka mawe nyuma ya magurudumu, akavuta breki ya mkono, akaondoa gia, akamwambia mama aketi mbele ya usukani na kuwasha injini. Magurudumu yalikuwa juu ya ardhi, yakielekea mbele. Yule kijana wa garaji alikosa hapa. Usukani wenye msaada hupimwa injini ikifanya kazi. Injini ikiwa imezimwa, mkono hulazimika kwanza kuisogeza ile vali ya sanduku mpaka ifike kikomo chake, ndipo magurudumu yageuke. Nafasi hiyo ndogo ni ya maumbile, si ugonjwa. Wako wenye motokari waliofunguliwa sanduku zima kwa sababu ya nafasi hiyo.

Mama akaanza kuusogeza usukani polepole, kidogo kushoto, kidogo kuume, kiasi cha kuona unapoanza kushika. Fundi alikuwa amefunga uzi juu ya kioo cha saa za mwendo, akatia alama ya chaki kwenye ukingo wa usukani, akapima kwa rula jinsi alama ilivyosafiri kabla magurudumu hayajatikisika. Huko Uingereza mkaguzi wa serikali huikataa motokari yenye sanduku la usukani iwapo ukingo wa usukani wenye upana wa sentimeta 38 unacheza kupita milimeta 75. Kwa motokari zenye chuma cha meno badala ya sanduku, kama Peugeot 504, kipimo ni milimeta 13 tu. Wala usidhani kwamba milimeta 74 ni afya. Hicho ni kipimo cha kukataza barabara, kama vile daktari anavyomkataza mgonjwa kutoka kitandani. Ya mzee ilikuwa milimeta 60.

Ndipo fundi alipolala chini, mbali na mkanda na feni. Jambo la kwanza alilotazama ni ule mkono wa chuma utokao chini ya sanduku la usukani, kwa maana mkono huo hugawa kesi nzima katika nusu mbili. Usukani ukisogea na mkono usisogee, ugonjwa uko juu: katika sanduku, au katika kiungo kinachoiunganisha nguzo ya usukani na sanduku. Mkono ukisogea na gurudumu lisisogee, ugonjwa uko chini, katika viungo. Ni vema pia kutazama kama sanduku lenyewe linajongea. Bolti zinazolishikilia kwenye mwili wa motokari zaweza kulegea kwa mashimo ya barabara, na mara nyingine chuma cha mwili hupasuka mahali pale. Hapo hata viungo vipya vyote havitafaa kitu.

Mkono wa motokari ya mzee ulisogea mara tu mama alipougusa usukani. Basi sanduku halikuwa na hatia.

Fundi akaendelea kwa viungo. Mercedes hii ina fimbo tatu za usukani: moja ndefu katikati, na mbili fupi ziendazo kwenye magurudumu. Kila ncha ya fimbo ina kiungo chenye kichwa cha mviringo kama mfupa wa nyonga, ambacho mafundi wa Lubumbashi hukiita rotuli. Jumla ni sita. Alikishika kila kimoja kwa vidole huku mama akiendelea kuusogeza usukani. «Jicho hudanganywa,» alisema, «lakini kidole husikia.» Rotuli nzima huzunguka bila sauti. Rotuli iliyokwisha hugonga kidogo, kama jino linalotikisika. Aliona pia kofia za mpira: mpira ukipasuka, vumbi jekundu la kiangazi huingia na kukaa katika grisi, mwezi wa kumi na moja mvua huja, maji yakaongezeka juu ya vumbi, na kile kilichotengenezwa ili kiteleze huanza kusagana. Katika rotuli sita, moja ilikuwa imepasuka kofia na kuanza kulia.

Lakini milimeta 60 haziletwi na rotuli moja iliyoanza tu kulia. Fundi akahamia upande wa pili, ng'ambo ya sanduku, ambako kuna mkono mwingine unaofanana na ule wa kwanza. Mkono huu haugeuzi kitu. Kazi yake ni kuishikilia ncha ya pili ya fimbo ya katikati, na katikati yake mna bushi, yaani mpira mdogo uliozungukwa na chuma. Watu wengi hawajui kwamba upo. Mama aliposogeza usukani, mkono ule, badala ya kwenda kulia na kushoto, uliinama na kuinuka, kama mtu anayesinzia kanisani wakati wa mahubiri. Fundi alimwita mzee alale chini aone mwenyewe. Bushi ilikuwa imekwisha kabisa, mpira umegeuka vumbi jeusi.

Bei ya bushi na kifaa chake haikufika hata sehemu ya ishirini ya bei ya pampu.

Kazi ya kutafuta haikuishia hapo, kwa kuwa ugonjwa mmoja hauzuii mwingine. Injini ilizimwa, fundi akapandisha upande wa mbele kwa kriki (wenzetu wa Tanzania huiita jeki), akaweka vigingi imara chini, kwa sababu mwenye akili halali chini ya motokari inayoshikiliwa na kriki peke yake. Akalishika gurudumu kushoto na kuume, akalitikisa: hapo husikika rotuli za fimbo. Akalishika juu na chini, akalitikisa tena: hapo husikika beringi za gurudumu na viungo vinavyobeba uzito. Beringi iliyolegea hulifanya gurudumu liyumbe hata usukani ukiwa mzima. Ya kushoto ilitaka kukazwa kidogo.

Sasa niseme juu ya skrubu, maana najua mtu ataniuliza. Juu ya sanduku la usukani kuna skrubu iliyozuiliwa na nati, na kila kijana wa garaji anaijua. Ukiikaza, ulegevu hupungua papo hapo, mwenye motokari hufurahi, hulipa na kwenda zake. Skrubu hiyo iliwekwa kwa kazi ya haki: kurekebisha meno ya ndani yanapolika. Lakini meno hayo hulika zaidi katikati, mahali pa kwenda mbele, kwa sababu ndipo yanapokaa siku nzima; pembeni hubaki manene. Anayekaza mpaka ulegevu wa katikati umekwisha huyafanya meno ya pembeni yabanane. Motokari huingia katika kona, dereva huuachia usukani urudi, nao haurudi. Hapo ulegevu umebadilishwa kwa hatari iliyo kubwa kuliko wenyewe. Na kama ugonjwa ulikuwa katika bushi au rotuli, skrubu imeuficha tu kwa muda, tena imeharibu sanduku lililokuwa zima. Fundi mwenye dhamiri huigusa mwisho, baada ya viungo vyote kuthibitishwa; hufungua kwanza fimbo ili sanduku liwe huru, huweka usukani katikati kabisa, hukaza kwa vipande vidogo vya mzunguko, na kila mara hujaribu mwendo wote toka mwisho hata mwisho.

Na pampu je? Pampu ina dalili zake, nazo ni wazi. Hunguruma usukani unapogeuzwa. Usukani huwa mzito, hasa motokari iliposimama. Ukifungua chombo cha mafuta ukaona povu, hewa imeingia. Hapo usukani hushtukashtuka, mara mwepesi, mara mzito, na wengine huuita ulegevu ingawa sio. Kabla ya kuilaumu pampu, tazama mkanda kama umelegea, na mafuta kama yamepungua. Yakipungua, tafuta yanakovujia. Tia mafuta yaliyotajwa katika kitabu cha motokari, wala usitie kamwe mafuta ya breki, kwa kuwa huharibu mipira ya ndani, na wiki chache baadaye kila kitu huvuja. Tena usiushikilie usukani umegeuzwa mpaka mwisho kwa muda mrefu. Nguvu ya mafuta hapo hupanda sana, yakachemka bure.

Kwa nini nimesema juu ya uhai mwanzoni? Barabara ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ndiyo njia ya malori ya shaba na kobalti, usiku na mchana. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, motokari hupita karibu meta 17 katika kila sekunde. Usukani unaokawia nusu ya sekunde kabla haujashika huiacha motokari iende zaidi ya meta 8 bila mwenyewe, na lori linalokuja limebakiza nafasi ya meta moja. Watoto ninaowafundisha katekisimu hudhani amri ya tano inamhusu mwenye panga tu. Huwaambia kwamba inamhusu pia baba anayejua kuwa usukani wake unacheza, akawapakia jamaa zake na kuwasha injini. Mwezi wa saba, karibu na sikukuu ya Mtakatifu Kristofori, tarehe 25, mapadri huombwa wabariki vyombo vya safari, na ni desturi njema. Lakini padri hakazi nati.

Fundi alibadili bushi ile na rotuli moja kwa siku moja na nusu. Alipomaliza alimwagiza mzee mambo mawili. La kwanza, magurudumu ya mbele yapimwe upya, kwa sababu aliyebadili rotuli amebadili urefu wa fimbo, hata kama ni kwa unene wa ukucha. Na magurudumu yasiyotazama sawasawa hula mipira mipya kwa mwezi. Pasipo mashine, uzi ulionyoshwa kandokando ya magurudumu ya nyuma na ya mbele hutoa kipimo cha kuifikisha motokari mjini kwenye mashine. La pili lilihusu nati za rotuli. Nyingine zina pini ndogo ya kupenyezwa tunduni, nyingine hujifunga zenyewe. Pini iliyokwisha kutolewa, na nati ya kujifunga iliyokwisha kufunguliwa, hazirudishwi. Mzee aliokota ardhini zile kuukuu, akataka kuziweka akiba katika kopo lake la misumari. Fundi alizichukua mkononi mwake kwa heshima, akazitupa shimoni.